Kamusi ya Mtu wa Nguzoni

Simu yangu ikilia mchana huwa siipokei mara moja. Naikodolea macho kwanza, roho mkononi, nikisoma jina. Akiwa mzazi wa mwanafunzi, au wifi yangu anayetaka kuazima sufuria, napumua. Ikiwa namba nisiyoijua, natafuta kwanza pa kukaa. Walimu wenzangu wananicheka, wanasema nina moyo wa kuku. Waache wacheke. Waume zao wanauza madukani na kukagua mizigo; hakuna hata mmoja anayeshinda juu ya nguzo ya umeme.

Mume wangu ni fundi wa laini. Harusi yetu ilikuwa haijapoa bado wifi aliponivuta kando jikoni, akaniambia kwa ule upole wake wa kuudhi, "Wifi, umeolewa na mtu wa waya. Simu isikae mbali nawe." Alidhani ananisaidia. Tangu siku hiyo sijaoga hata mara moja bila simu kuwa juu ya kigoda, imefunikwa taulo isirowe.

Wenzake wanamwita Kunguru, kwa sababu hutulia juu ya waya bila wasiwasi, na kwa sababu hanyamazi. Ni mfupi, kifua kipana, mikono imejaa mikwaruzo kama meza ya fundi seremala. Anatumia mkono wa kushoto. Akikaribia waya, mkono wa kulia huuchomeka nyuma kwenye mkanda, ukae huko kama mwizi aliyefungwa. Mafundi wa zamani walifundishana hivyo: fanya kazi kwa mkono mmoja, maana ukishika mahali pawili, umeme unaingilia mkono huu na kutokea huu, na katikati ya njia upo moyo. Alinieleza hayo tukiwa wachumba, akidhani ananifurahisha.

Sasa, watu hawawapendi mafundi wa laini. Gari lao likiingia mtaani hakuna anayesema karibu, wanasema, "Haya, giza limefika." Muuza nyama anatukana kwa sababu ya friji yake, mwenye saluni anatukana kwa sababu ya vikaushio vyake. Kunguru aliyapokea matusi hayo kwa mzaha, lakini yalimkera. Kwa hiyo ofisi yao ilipotangaza kikosi kipya, alikuwa wa kwanza kwenda. Aliniambia jioni, akifungua kamba za buti mlangoni.

"Wanaunda kikosi cha laini hai."

"Hai vipi?"

"Hai, Mwalimu. Umeme hauzimwi. Mnapanda hivyohivyo unapita, mnatengeneza, mnashuka. Hospitali haikosi umeme, saluni haikosi umeme, hakuna wa kututukana."

Nilikuwa nakata kitunguu. Nikakiweka kisu chini. "Na nani mwenye akili timamu anajiandikisha huko?"

"Mimi nimeshajiandikisha," akasema, akaanza buti la pili.

Nilinuna. Nilimpikia, nikamfulia, ila maneno nikamnyima. Yeye alikuwa na shida nyingine: usaili ungekuwa kwa Kiingereza, kwa sababu wakufunzi walitoka nje na vitabu vyote vilikuwa vya huko. Na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Alinizungukazunguka jikoni mpaka nikamhurumia. Halafu nikawaza: nisipomfundisha mimi atafundishwa na mtu wa ovyo, atapanda juu amri akizielewa nusu, na nusu ile isiyoeleweka ndiyo itakayonipigia simu. Nikapiga moyo konde, nikatoa kamusi.

Kamusi yangu ni nene kama tofali. Niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba; imechanika mwishoni, ndiyo maana mpaka leo sijui asili ya neno lolote linaloanza na W. Lakini herufi zilizobaki zinaeleza kila neno lilikotoka, lilizaliwa wapi na likalelewa na nani. Tulichukua maneno ya tangazo lao la kazi. Yote yalikuwa ya kumsifu mtu hodari, stadi, aliye tayari. Nilimwandikia orodha na maana zake. Asubuhi hakukumbuka hata moja.

"Maneno makavu hayashuki," alilalamika. "Nipe hadithi yake."

Basi nikaanza na *dexterity*, wepesi wa mikono. Nikamweleza kwamba Walatini walikuwa na neno lao la mkono wa kulia, na wepesi wote wakaupa mkono huo. Akautazama mkono wake wa kushoto uliokuwa umeshika kikombe.

"Kwa hiyo hawa watu walinifukuza kazi kabla sijazaliwa."

Nikampa *adroit*. Hilo Waingereza waliliokota kwa Wafaransa: kufanya jambo kwa unyoofu, kwa haki, na haki hiyo na mkono wa kulia kwao ni ndugu. "Na hao tena?" akasema. "Hivi mkono wa kushoto uliwakosea nini?" Alicheka mpaka chai ikamwagika. Kesho yake maneno yote mawili aliyakumbuka.

*Deft* nililipenda mimi. Zamani lilikuwa na maana ya mtu mpole, mnyamavu. Baadaye neno hilo moja likagawanyika: tawi moja likawa mwenye mikono mepesi, tawi la pili, *daft*, likawa mpumbavu. Akaniuliza mimi niliolewa na tawi lipi. Nikamwambia bado nachunguza.

Kisha *alert*. Hili ni la Waitaliano: askari waliamriwa wapande juu, mlimani au mnarani, waangalie adui anakotokea. Asili yake ni huko juu. Kunguru akafurahi, akasema basi yeye amekuwa *alert* tangu ujana wake. Mimi sikufurahi. Nilikuwa nawaza kwamba aliye juu ya mnara ndiye anayeonekana kwanza na mwenye mshale. Nikageuza ukurasa.

Shida ilianza na *expert*. Mtaalamu, bingwa. Nilisoma kwa sauti kabla ya kutazama mbele, kosa la mwalimu mvivu. Limetoka kwenye neno la Kilatini la kujaribu, na mzizi huohuo, kamusi ilisema, ndio uliozaa neno lao la hatari. Kujaribu na hatari ni watoto wa mama mmoja.

"Kwa hiyo mtaalamu ni mtu aliyeijaribu hatari," Kunguru alisema polepole, "akabaki."

"Ndiyo."

"Na wale waliojaribu wasibaki wanaitwaje?"

Nikaangalia ukurasa ule kama mjinga. Hawakuwa na neno. Niliona nguzo, nikaona buti zile mlangoni bila mwenyewe, na nikataka kuifunga kamusi palepale nikaiuze. Yeye alitabasamu, ila hakutania. Kwa mtu kama yeye hilo lilitosha kunitisha.

Nilitaka tumalizie neno jepesi, nikachukua *skill*. Ustadi, basi, nani asiyelijua. Limetoka kwa watu wa kaskazini ya baridi, na kwao lilikuwa na maana ya kutenganisha, kujua hiki ni hiki na kile ni kile.

"Kutenganisha nini na nini?"

"Chochote. Kizuri na kibaya. Kilicho hai na kilichokufa."

Hayo ya mwisho hayakuwa kwenye kamusi. Yalitoka kinywani mwangu kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yamenijaa. Kunguru akageuza mkono wake wa kushoto, akautazama upande wa nyuma, si kiganja. Akautazama kwa muda. Halafu akainuka, akaenda kukaza skrubu ya soketi ambayo haikuwa imelegea.

Baada ya hapo alibadilika. Alianza kuchelewa kurudi. Chakula alikichokoachokoa. Nikimuuliza anasema kazi ni nyingi. Nilidhani woga umemwingia, na nisidanganye, nilifurahi. Nilijiambia kwamba mwenye woga hataupenda usaili, atatafuta kisingizio, na mimi nitajifanya nasikitika.

Simu ililia nikiwa darasani, chaki mkononi. Jina lilikuwa la Kamba. Huyu ndiye mwenzake wa chini, anayemshikia kamba na kumpandishia vifaa. Kamba hajawahi kunipigia mchana.

"Shemeji, usishtuke," alisema.

Sijui nani aliyebuni maneno hayo. Watoto wa mstari wa mbele waliacha kuandika, wakanitazama.

"Yuko hai," akaendelea. "Ila hashuki."

"Hashuki wapi?"

"Nguzoni. Amekumbatia nguzo, hajibu. Njoo, labda akikuona."

Sikumbuki vizuri nilivyofika. Ilikuwa mtaa wa nyuma, wenye mafundi cherehani upande mmoja na wachomeleaji upande mwingine, na nguzo ilisimama karibu na ukuta wa nyumba ya mwisho. Watu walikuwa wamekusanyika, shingo zimeinuka. Juu kabisa niliiona kofia yake ya chungwa. Alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili, shavu limegusa mti, na testa, kile kifaa cha kupimia kama waya una umeme, inaning'inia kwenye kamba yake chini ya buti. Nikafungua mdomo kumwita.

Kamba akanishika bega. "Hapana, shemeji. Aliye juu haitwi na mtu yeyote ila mwenye kamba. Akigeuka kukutafuta, amekwisha."

Ilibidi nisimame pale, mdomo nimeuziba kwa kitambaa changu cha kichwa, nikimwangalia mume wangu bila kuruhusiwa kutamka jina lake. Niogope vipi tena zaidi ya hapo. Kamba alinieleza kwa kunong'ona, macho yake hayatoki juu. Laini ilikuwa imezimwa. Kwao kila anayepanda hutundika kufuli lake mwenyewe kwenye swichi, na ufunguo hukaa mfukoni mwake. Hata bosi haruhusiwi kulifungua. Kufuli la Kunguru lilikuwepo. Waya ulitakiwa uwe umekufa. Lakini alipoinua testa, testa ikalia.

"Ililiaje wakati mmezima?"

Kamba akaonyesha kwa kidevu nyumba ya mwisho. Ilikuwa ya kinyozi. Umeme ulipokatika, aliwasha jenereta yake, ambayo mtu fulani alimwungia kwenye soketi ya ukutani kienyeji. Umeme wa jenereta ukapita ndani ya nyumba, ukatoka nje kupitia waya wa nguzo, ukarudi kumfuata mume wangu kule juu. Walikuwa wamekimbia kuizima. Waya sasa ulikuwa umekufa kweli. Lakini Kunguru alibaki ameganda.

Kamba alianza kuongea naye kwa sauti ya chini, kama anambembeleza ng'ombe mkali. Mguu wa kulia. Vizuri. Sasa wa kushoto. Pumzika. Kunguru alishuka hivyo, hatua kwa hatua, na buti zake zilipogusa ardhi akakaa kwenye mchanga. Kinyozi alitoka na mashine yake bado mkononi, uso umemparara. Akaleta kiti, akaleta maji, akasema hakujua, alitaka tu kummaliza mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Hakuna aliyemtukana. Mteja mwenyewe alisimama mlangoni na nusu yake ya nywele.

Jioni, kabla jua halijazama, tulikaa mezani jikoni. Nilimwekea chakula hakukigusa.

"Nikuambie kitu usikasirike," alisema.

"Sema."

"Sikuwa nainua testa. Miaka yote. Ukishafunga kufuli, ukishazoea, unajua waya umekufa. Sisi wakongwe tunagusa tu, haraka, kwa nyuma ya kiganja."

"Kwa nini nyuma?"

"Ukigusa kwa ndani na una umeme, vidole vinajifunga, unaung'ang'ania. Ukigusa kwa nyuma, mkono unajikunja kuja kwako. Unapata nafasi." Alitazama sahani. "Ndivyo tunavyosema."

Nikamuuliza amegusa mara ngapi. Akaniambia nisimuulize hilo. Akasema tangu siku ile ya *skill*, kila akiinua mkono kugusa waya alimsikia mwalimu jikoni akisema hai na kufa, akaona haya, akawa anatoa testa kwenye begi. Kila nguzo. Ndiyo maana alichelewa. Wenzake walimwambia Kunguru kazeeka sasa, anapima mpaka kamba za nguo. Na leo pia nusura asiupime waya, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Mkono ulikuwa umeshatoka kwenye glavu.

Mazoea yana taabu, tunasema, na tunasema kirahisi. Mimi nilidhani nimeogopa vya kutosha. Miaka yote ile nilikuwa nayaogopa mambo nisiyoyajua, radi, nguzo iliyooza, kamba kukatika, na kumbe kila siku aliporudi akinitania alikuwa ameshainyooshea mkono mauti, tena kwa nyuma ya kiganja, ili apate nafasi. Nililia. Si kwa ustaarabu, nililia makamasi yakatoka.

"Basi usiende kwenye usaili," nikamwambia. "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Kaa chini. Waombe kazi ya stoo."

"Stoo ni ya wagonjwa." Akaisukuma sahani kando. "Nikibaki huku, kila siku naambiwa waya umekufa. Leo niliambiwa umekufa, na kufuli langu lilikuwepo. Kule kwenye laini hai hakuna anayenidanganya. Nitajua ni hai kabla sijavaa viatu."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatetemeka juu ya meza, akauficha chini. Nikauona. Ndipo nilipotulia, kwa ubaya wangu: nilijua kwamba hao wakufunzi watauona pia. Hakuna anayempandisha mtetemekaji kwenye waya wenye umeme. Nikafuta uso, nikafungua kamusi, nikamfundisha kwa moyo mmoja maneno yaliyobaki. *Ready* lilikuwa la mwisho. Wapo wataalamu wanaolihusisha na kupanda farasi, mtu aliyekwisha kuweka tandiko lake tayari kwa safari.

"Na farasi naye aliulizwa?" akasema. Ulikuwa mzaha wake wa kwanza siku hiyo, na sauti yake haikuwa na nguvu.

Siku ya usaili alivaa koti la harusi yetu, likambana mabegani. Nilishinda nyumbani. Nilifua pazia ambalo halikuwa chafu, nikapanga sufuria, nikazipangua. Aliporudi alikuwa amebeba mfuko mkubwa wa turubai. Hakuuweka chini.

"Walikuuliza nini?"

"Yale maneno yako hawakuuliza hata moja."

"Hata moja?"

"Hata moja, Mwalimu. Waliniuliza kama naogopa."

Nikakaa. "Ukajibu?"

"Nikasema ndiyo, kila siku. Nikawaeleza habari ya nyumba ya kinyozi, kwa Kiingereza chako. Nikakwama mahali, nikaonyesha kwa mikono. Nikawaambia miaka yote sikupima, na sasa napima. Halafu nikauweka huu mezani kwao waone." Akainua mkono wa kushoto. Ulitetemeka, si sana.

Moyo wangu ulifunguka. Nilikuwa nimeshaanza kumtafutia maneno ya kumpoza: si riziki, kila jambo na wakati wake, yale tunayosema huku tukishukuru kimoyomoyo.

"Wote walionitangulia walisema hawaogopi kitu," aliendelea. "Wamerudishwa. Wamenichukua mimi na mama mmoja wa tawi la pili la ofisi yetu, naye alisema anaogopa. Tunaanza Jumatatu."

Woga wangu nilikuwa nimemlisha mwenyewe, neno kwa neno, kwenye meza hiihii, nikitumaini utamshusha.

Alifungua mfuko, akatoa glavu mpya za mpira, nene, ndefu mpaka begani. Akaniambia hizi hukaguliwa kila asubuhi kabla ya kutoka. Akaikunja moja kuanzia mdomoni, hewa ikanaswa ndani, vidole vikavimba kama kiwele cha ng'ombe. Akaisogeza kwenye sikio langu.

"Sikiliza kama kuna pumzi inatoka. Tundu la sindano linatosha kuniua. Masikio yangu yameharibika kwa upepo, utanisaidia wewe."

Nikafunga dirisha, maana redio ya jirani ilikuwa inaimba. Nikasikiliza kidole gumba, nikasikiliza kiganja. Mahali fulani nikasikia kitu kinapita, halafu nikagundua ni pumzi yangu mwenyewe. Nikaizuia.

"Iko sawa?" akauliza.

Nikamwambia aijaze tena.